Koti Lililosoma Baridi

Gari la kumpeleka Levis mahakamani Homa Bay lilikuwa liondoke saa sita kamili, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha Mbita, alikuwa ameshaliandika shtaka kwa mkono wake mwenyewe: mauaji. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano. Inspekta Mong'ina alikuwa na saa tatu za kuthibitisha kwamba mkubwa wake alikuwa sahihi, au za kumharibia siku.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Obunga wa Rusinga alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, na Ijumaa alasiri mwili wake ukaletwa nyumbani kutoka mochari ili azikwe kesho yake. Mjane wake, Mellen, ambaye kijiji kizima kilimwita Nyar Kadem, yaani binti wa Kadem, kwa sababu aliolewa kutoka Kadem, upande wa Migori, alikaa kando ya jeneza usiku kucha akiwa amevaa koti la marehemu. Jumamosi saa tano asubuhi akaanguka. Alipofikishwa hospitalini, joto la mwili wake lilikuwa arobaini na moja nukta nane. Hakufika saa saba.

Koti lenyewe halikuwa la kawaida. Lilikuwa na nyaya ndani, betri na laini ya simu, na lilijitia joto lenyewe. Aliyelitengeneza alikuwa Levis, fundi wa vifaa vya umeme mjini Migori. Jumapili vijana wa Rusinga walisafiri hadi Migori wakavunja kibanda chake, na polisi wa huko wakamtia ndani kwanza kwa kuokoa ngozi yake, kisha kwa kumshtaki. Basi ndivyo alivyofika Mbita, mdomo umevimba, miwani imebaki na mkono mmoja.

"Nieleze hili koti kana kwamba mimi ni mama yako," Mong'ina alimwambia.

"Mama yangu angeelewa, madam. Ndiye alilishona."

Koti lilikuwa mezani kati yao, kwenye mfuko wa vielelezo. Mong'ina alilitoa. Kitambaa cha nje cha kahawia, zipu mbele, mfuko wa betri ubavuni kwa nje. Ndani bitana laini ya buluu, na kwenye bitana, karibu na kwapa, kitufe kidogo cheusi.

"Hiyo ni sensa," Levis alisema. "Inagusa shati, inasoma joto la mtu. Ngozi ikiwa thelathini na tatu hivi, mtu ametulia. Hasikii baridi, hasikii joto. Ikishuka, nyaya zinawaka. Ikipanda, zinazima. Zenyewe tu. Mzee hakuwa mtu wa kubonyezabonyeza vitu."

"Na zikikataa kuzima?"

"Kuna usalama. Ukiliwasha, na tena kila masaa mawili, linatuma swali kwa simu. Linasema linasoma ngapi, linauliza liendelee ama lisiendelee. Usipojibu, linazima."

"Simu ya nani?"

"Ya mteja. Aliyeniagizia hakuja, tuliongea kwa simu tu. Namba nilisevu 'Koti Rusinga'. Mzee mwenyewe aliletwa na ndugu yake, Clifford, nikampima."

Mong'ina aliandika jina hilo na kulipigia mstari. Clifford ndiye aliyeandikisha malalamiko dhidi ya fundi. Ndiye pia, kwa mujibu wa majirani, aliyekuwa akiingia na kutoka na betri za koti usiku wote wa Ijumaa, jambo ambalo hakulitaja kwenye maelezo yake.

Alifungua ripoti ya daktari. Daktari wa Homa Bay alikuwa mtu wa kuchora, na alikuwa amechora mwili wa mwanamke na alama za ngozi iliyoiva: moja kifuani katikati, moja mgongoni, na moja, ya ukubwa wa kiganja, begani.

"Pedi za joto uliweka ngapi?"

"Tatu. Kifua, mgongo na bega. Bega la kushoto tu. Mzee alivunjika hapo zamani akipakia miwa Awendo. Baridi ikimwingia hapo halali."

"Kushoto. Una hakika?"

"Madam, nilimpima mimi."

Mong'ina alimgeuzia Sajenti Nchagwa, aliyesimama mlangoni, ule mchoro. Nchagwa, Mkuria wa Kehancha mwenye miaka ishirini na minane kazini, aliutazama, akatazama koti, akatazama tena mchoro.

"Hapa ni bega la kulia," alisema.

"Ndiyo. Livae tuone."

"Afande, hilo limevaliwa na watu wawili, na wote wako mochari."

Mong'ina hakubishana naye. Alivua sweta lake akalivaa koti mwenyewe, akafunga zipu hadi shingoni. Pedi ilikaa kwenye bega lake la kushoto. Alijipinda, akalivuta huku na kule, akajaribu hata kulivaa likiwa limekaa upande. Pedi haikutoka kushoto.

"Liwashe," alisema.

Levis alibonyeza swichi kwenye betri. Taa ndogo ya njano ikaanza kupepesa. "Linauliza sasa," alieleza. "Limesoma ubaridi wa hiki chumba. Kwa sababu hakuna wa kujibu, baada ya dakika moja lita..."

Taa ikageuka kijani.

Joto likaanza kumpanda Mong'ina kifuani, pole pole, halafu begani.

"Kuna mtu amejibu," Levis alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Mimi simu yangu mnayo ninyi."

Watu watatu waliitazama taa. Baada ya dakika nne hivi ikazima yenyewe, na joto likasimama pale pale lilipofika, zuri, la kiasi. Mong'ina, ambaye tangu Jumapili alikuwa akilifikiria koti hili kama silaha, alijikuta hataki kulivua. Alilivua. Akalilaza mezani, na muda si muda taa ikarudi kijani.

"Limeshapoa," Levis alisema. "Linafikiri mtu ndani yake anasikia baridi."

"Koti ni zima?"

"Ni zima kabisa, madam. Hiyo ndiyo sielewi."

Nchagwa alileta kompyuta ya fundi kutoka stoo. Levis, pingu mkononi, aliwafungulia kumbukumbu za koti kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni. Zilikuwa safu ndefu za tarakimu, na mtu hakuhitaji kusomea umeme ili aone kilichokuwa kibaya. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Kumi na tisa alfajiri, mvua iliponyesha. Ishirini na tatu asubuhi. Kwa saa kumi na nane koti halikusoma hata mara moja kitu kinachokaribia mwili wa binadamu, na kwa saa kumi na nane nyaya hazikupumzika.

"Huyu mama alikuwa na blanketi mabegani, ndani ya nyumba iliyojaa watu," Mong'ina alisema. "Alikuwa akichemka. Na koti linasema kumi na tisa."

"Kumi na tisa ni hewa," Levis alisema. "Si mtu. Na kile kiwango cha mwisho, cha kuzima likizidi, kinategemea sensa hiyo hiyo. Niliweka moja tu." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ningeweka mbili. Mama aliniambia niweke mbili."

Pembeni mwa tarakimu kulikuwa na majibu ya simu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mara tisa, kila baada ya saa mbili, usiku kucha bila kukosa. Namba ilikuwa moja, na iliishia na 418. Jibu la kumi lilikuwa la asubuhi hii.

Mong'ina hakuipiga. Ukimpigia mtu simu unampa nafasi ya kuandaa uongo wake. Alichukua funguo za gari.

"Koti lisiguswe," alimwambia askari wa zamu. "Libaki hapo lilivyo, taa na kila kitu. Na huyu asipakiwe garini kabla sijarudi."

"OCS amesema saa sita, madam."

"Mwambie nimesikia."

* * *

Kuvuka daraja la Rusinga ni dakika chache. Bomani kwa marehemu hema la matanga lilikuwa bado limesimama, turubai limejaa maji ya mvua katikati. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa upya. Kando ya kaburi la kwanza, lililochimbwa wiki iliyopita na halikutumiwa, wanaume wawili walikuwa wakichimba la pili.

Clifford alikuwa akiwasimamia. Alikuwa mnene, wa miaka hamsini, mwenye duka la kuchaji simu sokoni, na alimwona Mong'ina akasogea kabla hajaitwa.

"Mmempeleka kortini yule muuaji?"

"Bado. Betri za koti ulikuwa unachaji wewe."

Hakuuliza, na Clifford hakukana. Alitazama chini kaburini, kisha akasogea mbali na wachimbaji.

"Zilikuwa mbili. Moja ikiisha naweka ingine. Nilibadilisha mara tatu."

"Kwenye maelezo yako hukusema."

"Ningesemaje, Inspekta? Niseme moto uliomuua shemeji yangu ulitoka dukani kwangu?" Aliugusa mfuko wa suruali yake. "Nimepiga kelele ya huyo fundi kila mahali. Nikinyamaza nasikia ile betri mfukoni."

"Simu yako."

Alimpa. Namba yake haikuishia na 418. Lakini namba hiyo ilikuwemo humo humo, kwenye jumbe za Ijumaa, na jina juu yake lilikuwa Beverlyne.

Mong'ina alisoma akiwa amesimama. *Baba mdogo, betri imebaki kidogo. Tafadhali badilisha, mama anasoma 20.* Saa nne usiku. *Baba mdogo pole kukuamsha. Amesoma 19. Sijui kwa nini hapati joto. Mwongezee blanketi.* Saa kumi alfajiri. *Asante sana. Bosi amekubali, natoka mchana. Mwambie nakuja.* Jumamosi, saa tatu.

"Beverlyne ni nani?"

"Mtoto wao. Mmoja tu waliyenaye. Anafanya kazi kwa mizani ya miwa huko Awendo. Ndiye alimnunulia baba yake hilo koti, ndiye alikuwa analiangalia kwa simu. Malori yalikuwa yamejaa foleni, wakamnyima ruhusa hadi Jumamosi." Clifford alipokea simu yake. "Alifika saa tisa. Mama alikuwa ameenda."

Jembe liligonga jiwe.

"Ulipobadilisha betri," Mong'ina alisema, "mfuko wa koti ulikuwa wapi?"

Clifford alifikiri. "Ulikuwa ndani. Kwa mwili. Mimi singeweza kutia mkono huko, ni shemeji yangu. Dada Risper ndiye aliingiza."

Pale kituoni mfuko ulikuwa nje. Mong'ina aliuona kwa macho yake, alikuwa ameuvaa. Bega la kushoto limekuwa la kulia, mfuko wa nje umekuwa wa ndani, sensa ya ndani imesoma hewa. Alijua sasa lilivyovaliwa, na kwamba kuvuliwa kwa haraka hospitalini ndiko kulikoligeuza tena. Hakujua kwa nini mtu mzima, mwenye akili timamu, avae koti ndani nje kwa saa kumi na nane na asiwepo hata mwombolezaji mmoja wa kumwambia.

* * *

Risper, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa jikoni akichambua mchele. Alikuwa na miaka sabini hivi na mgongo ulionyooka. Mong'ina alimwamkia, akaketi kwenye kigoda, akangoja aulizwe habari za safari kabla ya kuuliza zake.

"Mama, Nyar Kadem alivaa koti likiwa limegeuzwa."

"Ndiyo."

"Nani aligeuza?"

"Mimi." Risper alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa nani alifungua mlango asubuhi. "Wewe ni wa Kisii, nyathina, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Wa Nyamache."

"Basi hujui. Kwetu mjane anavaa nguo ya mume, anaigeuza. Ndani inakuwa nje. Nyumba imepinduka, na nguo inapinduka, kila mtu anaona. Siku hizi makanisa wanakataza, wasichana wanacheka. Nyar Kadem akasema yeye atafanya. Akasema Obunga alimpenda vizuri, hatamzika kama mgeni wa hoteli." Vidole vyake viliendelea kuchambua. "Suti za Obunga zilikuwa kubwa. Akachagua koti, kwa sababu hilo Obunga alikuwa halitoi mwilini. Nikamgeuzia, nikamfunga zipu kwa shida, maana ilikuwa upande ingine."

"Hakulalamika joto?"

Vidole vilisimama.

"Usiku aliniambia, 'Risper, hili koti lina moto.' Nikagusa, kweli. Nikamwambia toa kidogo upumue. Akakataa." Risper aliukung'uta ungo kidogo. "Akasema, 'Liache. Ni yeye. Miaka arobaini na moja alikuwa ananishika hivi mvua ikinyesha.' Akafunga macho. Mimi nikasema, kama ndugu yangu anaaga mke wake, mimi ni nani nimwambie aache? Nikamfunika blanketi."

Mong'ina alikuwa na maswali mawili zaidi kwenye daftari. Aliyaacha. Alikuwa ameuliza watu maswali kwa miaka kumi na tano, na haikuwahi kutokea apate jibu kamili hivyo na atamani asingelipata.

"Hilo koti lilimfanya nini, nyathina? Mnasema fundi aliweka sumu ya stima."

"Fundi hakuweka kitu, mama."

Risper alimtazama usoni. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Aliweka ungo chini polepole, akaifunika mikono yake kwa kanga kana kwamba hakutaka ionekane.

"Basi ni kugeuza," alisema.

"Na ni mimi." Sauti ilitoka mlangoni.

Msichana alikuwa amesimama hapo na nguo mbili zilizopigwa pasi mkononi, suti na gauni jeupe. Umri wake ulikuwa kama miaka ishirini na sita, na bado alikuwa na beji ya kazini shingoni, siku ya tano sasa. Mong'ina hakuhitaji kuambiwa jina.

"Shangazi, usishike lawama," Beverlyne alimwambia Risper. Akamgeukia Mong'ina. "Nimesikia. Sensa ilikuwa nje, sindiyo?"

"Ilikuwa nje."

"Kwa hiyo ile kumi na tisa haikuwa mama."

"Ilikuwa hewa ya nyumba."

Alitundika nguo kwenye msumari, moja moja, akazinyoosha. "Nilikuwa kwa mizani. Lori linapanda, naandika uzito, linashuka, naangalia simu. Ikisema baridi, naambia liendelee. Nilikuwa naona kama namshikilia. Wengine wote walikuwa hapa na mimi nilikuwa na hiyo tu." Aligeuka. "Nilibonyeza mara ngapi?"

"Beverlyne."

"Inspekta, mimi kazi yangu ni kusoma namba. Niambie."

"Tisa."

Msichana alitikisa kichwa kukubali, kama alivyozoea kukubali uzito wa lori.

"Na leo asubuhi," Mong'ina alisema, "saa tatu na nusu hivi. Koti lilikuwa mezani kituoni. Mtu alijibu."

"Ni mimi. Najua mama yuko mochari. Nilimvalisha kitambaa kichwani kwa mikono yangu. Lakini simu iliandika ishirini na mbili, baridi." Hapo ndipo machozi yalipomjia, bila sauti. "Sikufikiria. Mkono ulijibu."

Mong'ina alitoa fomu ya maelezo mkobani. Alimweleza bila kumzungusha. Fundi angefikishwa mahakamani saa nane kwa mauaji. Kumbukumbu zilizo kwenye kompyuta ya mshtakiwa hazitoshi, OCS angesema amezitengeneza mwenyewe. Ilihitajika mwenye namba ile aseme kwa kinywa chake kwamba ndiye aliyejibu, na kwa nini, na karatasi hiyo ingesomwa mbele ya watu. Ikisomwa, Levis angekwenda nyumbani kwa mama yake. Ikisomwa, kila mtu Rusinga angejua.

"Hakuna shtaka juu yako," alisema. "Wala juu ya shangazi yako. Koti lilikudanganya. Nitaandika ni ajali, na nitaisimamia."

"Nikikataa?"

"Sitakulazimisha."

Beverlyne aliketi. Alieleza kwa utaratibu, saa baada ya saa, na Mong'ina akaandika, na Risper akakaa pale mikono ndani ya kanga. Clifford alikuja mlangoni, akasikia mistari mitatu, akaondoka. Walipomaliza ilikuwa saa tano na nusu kasoro. Msichana alisoma karatasi yote kutoka juu hadi chini, akasahihisha saa moja iliyokosewa, akatia sahihi.

Alikuwa bado ameshika kalamu simu yake ilipotetemeka mezani.

Mong'ina alilikumbuka koti. Lilikuwa kule kituoni, mezani, taa ya kijani ikiwaka kwa saa mbili kwa amri yake mwenyewe, na hakuna mtu aliyethubutu kuligusa. Alinyoosha mkono aichukue simu, kisha akaurudisha.

*22. Baridi. Liendelee?* Chini kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Katika kumbukumbu zote za fundi, tangu siku Mzee Obunga alipolivaa koti hilo mara ya kwanza, kisanduku cha pili hakikuwahi kuguswa.

Beverlyne aliiangalia simu. Nje wachimbaji walikuwa wametua, na mvua ilikuwa imeanza tena kwenye turubai.

"Mama," alisema.

Kisha akabonyeza Hapana, na akaendelea kukilaza kidole chake pale hata baada ya kioo kuzima.